Radhi Siombi, Shangazi

Nyumba ya Fundi Viatu,
Chumba cha nne.
12 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na Babu, kikohozi kimemwachia? Sisi huku wazima, mimi hasa.

Barua yako nimeipata. Wifi yangu amekuandikia kwamba nimekuwa mvivu na mkaidi, nawe unataka nimwombe radhi msimamizi wetu wa kiwandani. Nakuheshimu kama mzazi, lakini radhi siombi.

Tangu mwaka jana nilikuwa najikokota. Nasinzia kwenye cherehani, navaa sweta juani, nanenepa ilhali chakula hakipiti, sauti nzito kama ya Baba. Msimamizi akanibatiza "Gunia", akaninyang'anya cherehani na kunipa ufagio. Nililia chooni, Shangazi.

Daktari alinipapasa shingo, akapima damu. Akaniambia mbele ya koo kuna tezi inayomwaga homoni kwenye damu, na homoni hiyo ndiyo inayouamuru mwili uende kasi gani: moyo, joto, tumbo, hata akili. Yangu imelegea.

"Kwa hiyo si uvivu?" nikauliza.

"Uvivu haupimwi kwenye damu, dada. Hii imepimwa."

Sasa nameza kidonge kila asubuhi kabla ya kula, huenda mpaka nife. Nitameza! Baada ya wiki nane nikaanza kujiona mtu.

Jumatatu nikampelekea msimamizi karatasi ya daktari. Hakuitazama. "Kila mvivu ana karatasi," akasema. Basi nikaisoma mwenyewe, kwa sauti, mpaka cherehani zikanyamaza moja moja. Nikalaza ufagio mezani pake, nikaketi kwenye cherehani yangu. Alifoka mpaka mishipa ikamtoka, sikuinuka. Wenzangu nao hawakushona hata kifungo mpaka meneja alipokuja, akasoma, akasema nibaki kwenye cherehani. Nimebaki. Msimamizi anadai nimemvunjia heshima. Yangu aliivunja mwaka mzima, nani alimdai?

Jambo moja zaidi. Daktari aliuliza kama ugonjwa huu umo katika ukoo. Nikamkumbuka marehemu mama yako, bibi yetu, aliyeitwa mvivu mpaka anaingia kaburini. Nikakukumbuka na wewe, unavyojifunika blanketi adhuhuri na kusema ni uzee. Nenda ukapimwe, Shangazi. Wakikucheka, wacheke, wewe nyoosha mkono utolewe damu.

Nisalimie Babu na wale mapacha. Mungu akulinde, akupe na ubishi kidogo.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye sana,
Mshonaji