Bi Onja, Vitambaa Tumevifunga Upya

Mwaka umetimia leo tangu ulipoweka jembe chini, ukasema kichwa kinakugonga, ukaenda kujilaza na usiinuke tena. Daktari alisema ni presha. Tunalitaja hilo mapema kwa sababu wapo waliosema pembeni kwamba umekufa kwa kuonja. Waache. Umbea haulipiwi kodi.

Mtaa mzima ulikuita Bi Onja, nawe uliitika. Hakuna kilichotoka kwenye kile kishamba cha nyuma ya nyumba, hatua ishirini kwa kumi na mbili, kikafika mezani kabla hakijapita kwenye ulimi wako: mchicha, boga, uyoga ulioota wenyewe kwenye gogo, na zaidi ya vyote muhogo. Mumeo, fundi baiskeli, hakushika kijiko mpaka aulize, "Umeonja, mama watoto?"

"Niko hai, Fundi. Kula."

Siku moja alikushauri uwatupie kuku kwanza. Ukamkata jicho. "Kuku alipanda? Aliyepanda ndiye anayeonja."

Wengi waliokucheka hawakuwepo mwaka ule wa ukame. Ulikuwa na miaka tisa, kaka yako kumi na mmoja. Lori lilileta pingili za muhogo, zikamwagwa njiani kama kuni, na bwana shamba alipoulizwa ni mtamu au mchungu akajibu bila kushuka garini: "Muhogo ni muhogo." Kwamba ule mchungu una sumu, kwamba hauliwi mpaka umenywe maganda, ulowekwe siku kadhaa na kukaushwa, hakusema. Watu wakapanda. Ulipokomaa, mama yenu akiwa kibaruani, mkachimba wenyewe, mkachemsha, mkala watatu. Mkaamka wawili. Mdogo wenu alikuwa na miaka minne.

Kwenye karatasi wakaandika "tumbo". Wazazi wakaambiwa wasikuze mambo, na hawakuyakuza. Sisi tunayakuza hadi leo. Halikuwa tumbo. Yalikuwa maneno matatu ya mtu aliyeona uvivu kushuka garini.

Ukatoka hapo na sheria yako: ulimi mmoja, shina moja, siku moja. Ulikata kipande kidogo kuliko ukucha, ukakigusisha ncha ya ulimi, ukatema, ukasukutua, ukakaa kwenye kigoda mpaka kivuli cha nguzo ya kamba ya nguo kifike mlango wa banda la kuku. Mchungu uliupanda makusudi, maana panya na wezi wanaukwepa na unga wake ni mzuri. Ila ulipoupanda tu, uliufunga kitambaa ulichochana kwenye gauni lako kuukuu. "Msitazame rangi ya vikonyo," ulituonya. "Rangi inadanganya kama mgombea."

Sasa tukiri. Asubuhi ya msiba, kaka yako, yule mwenye mdomo, alichungulia nyuma ya nyumba akaona matambara yananing'inia. "Toeni hayo, watu wanakuja, pasionekane kama jalala." Jirani mshona nguo akachukua mkasi, na kabla chai haijachemka mihogo yako yote ilikuwa imesimama safi. Kaka yako alitaka kukupa heshima. Mtu aliyekesha kwenye mikutano miaka yote akilalamika kwamba wakubwa hawaulizi, siku yake ilipofika hakuuliza.

Hakuna aliyeligundua hilo mpaka majuzi. Kiwanda cha biskuti kilimfungia mwanao mkubwa lango, debe la unga likabaki na vumbi. Mihogo yako ilikuwa imeshakomaa, na ikizidi kukaa inageuka kuni. Mkubwa akachukua jembe. Mumeo akatoka mbio karakanani, spana mkononi.

"Weka chini. Weka chini, nasema."

"Baba, si mihogo ya mama?"

"Ipi? Nionyeshe ipi ya kula na ipi ya kuloweka."

Hakuweza. Hakuna aliyeweza. Mashina kumi na manne, majani yanacheza na upepo, yamefanana kama pacha. Tangu saa ile tuliogopa kishamba chako kama mtu anavyoogopa shimo lililofunikwa nyasi. Kitinda mimba wako alikataa kuokota mayai kwa sababu njia ya bandani inapita kwenye mihogo. Mkwe wako alinawa mikono mara tatu kwa kugusa jani.

"Tuloweke yote, yaishe," alisema kaka yako.

"Kwa maji gani? Bomba linatoka Jumamosi tu. Na watoto wanakula leo, shemeji," akajibu mumeo.

"Basi wape kuku kwanza."

"Kuku alipanda?"

"Hata wewe hukupanda."

Mumeo akatazama spana mkononi kama imemjia yenyewe. "Nilikula," akasema. "Miaka ishirini na sita."

Ulimjua vizuri, mama watoto. Alikuwa mtu wa kungoja aambiwe tayari. Kwa mikono inayofunga cheni bila kuangalia, akachimba muhogo mmoja, akakata kipande kidogo kuliko ukucha. Akagusisha ulimi. Akatema. Akakaa kwenye kigoda chako, nasi tukasimama mlango wa jiko.

"Vipi, baba?"

"Msinisemeshe."

Baadaye akasema miguu inakufa ganzi. Roho zikaturuka.

"Umeikunja saa nzima," alisema mkubwa. "Inyooshe."

Akainyoosha. Ganzi ikaisha. Kivuli kikafika mlango wa banda. Shina la kwanza lilikuwa tamu, na hakuna aliyekula siku ile kwa raha.

La nne lilikuwa chungu. Tulimwona uso unavyojikunja, tukamwona anasukutua mpaka jagi likaisha, halafu anatapika, ingawa hakumeza kitu. Ilikuwa hofu tupu. Akachana mkono wa ovaroli yake ya kazi, akafunga kitambaa cha kwanza. Tulidhani ataishia hapo. Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye kigoda tena, ameshika kisu, anaogopa vilevile.

Kaka yako alikuwa akisema woga ndio chakula cha watawala. Alikusema hata wewe: eti Bi Onja anaogopa mboga. Sasa anakaa kando ya kigoda akiangalia kivuli. Kwa mwoga huenda kicheko, wahenga walisema, na nyumbani kwako watoto wanne wamekua wakicheka.

Leo lilikuwa shina la kumi na nne, lile la pembeni kwenye uzio. Mumeo akaonja, akatema, akaonja tena, jambo ambalo usingemruhusu.

"Tamu?" tukauliza.

"Hapana."

"Chungu?"

"Sijui."

Kivuli kikafika, kikapita. Hakuumwa. Mkubwa akasema basi tuule, mtu si mzima huyu? Mumeo akainuka taratibu, akachana mkono wa pili wa ovaroli, akafunga kitambaa. "Tusichokijua tunakiloweka," akasema. Ovaroli sasa haina mikono. Mashina matano yana vitambaa, tisa hayana, na tumeandika ukutani ni yapi, kwa mkaa, herufi kubwa.

Mchana tulikula muhogo wa kuchemsha, kutoka shina tunalolijua. Sahani zilijaa, mvuke unapanda, na hakuna mkono uliosogea. Kitinda mimba wako akamwangalia baba yake.

"Umeonja, baba?"

Mumeo akavuta sahani yake. Bado alikuwa anaogopa, tulimwona. Tunafikiri siku zote hata wewe uliogopa, ila hukutuonyesha.

"Niko hai," akasema. "Kula."

Wanaokukumbuka: mumeo fundi baiskeli, wanao wanne, kuanzia mkubwa hadi kitinda mimba, mkwe wako, jirani mshona nguo, anayeomba radhi kwa mkasi wake, na kaka yako, anayeomba radhi kwa mdomo wake.

Tutakukumbuka, Bi Onja, kila tutakapoonja.