Sweta Yangu Juu ya Kisanduku

Kimulot, Alhamisi, Aprili 1996

Mvua tangu asubuhi. Ukungu umeshuka kutoka msituni hadi mlangoni, na mimi nimekaa jikoni kwa mama na ripoti magotini.

Niseme ukweli hapa, kwa sababu kwingine nimeshindwa.

Somo letu la majengo yenye akili limenitesa mwaka mzima. Jengo lijue lenyewe wakati wa kuwasha, kuzima, kupasha joto. Mtihani wa kwanza nilianguka, wa pili nikaanguka tena. Projekti hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Nisipopita, nafukuzwa chuo. Nikaomba kiwanda cha chai cha huku nyumbani, nikaweka kisanduku changu cha kupima unyevu orofani, pale majani mabichi yanaponyaushwa, yaani yanapopunguzwa maji kwa hewa moto. Hewa ikiwa na unyevu, kisanduku kinafungua hewa moto. Ikikauka, kinafunga.

Kazi hiyo ilikuwa ya Mzee Kiptonui. Miaka yote ameifanya kwa mkono: anachota majani, anayafinya, anaachilia, anaangalia yanavyofunguka. Ananiita chepto, yaani msichana, tangu nikimpelekea baba chakula kiwandani.

Jumanne nilifika nimelowa chapachapa. Nikavua sweta, nikaitundika kwenye bomba la hewa moto lililo juu ya kisanduku, kama kila mtu wa kiwanda hiki anavyofanya tangu nizaliwe. Sikufikiri hata kidogo. Iliangukia kisanduku, ikakifunika.

Saa nane hivi Mzee akanifuata na majani mkononi.

"Chepto, hii majani imeshiba moto. Wacha nifunge hewa."

"Mzee, achia mashine kazi yake," nikamwambia.

Ona ujeuri! Mtoto wa juzi. Akacheka kidogo, akaenda zake.

Jioni majani yote ya orofa ile yalikuwa mekundu, yanavunjika ukiyagusa. Nikachukua sweta. Ilikuwa imekauka kabisa. Kumbe mchana kutwa kisanduku kilikuwa kinapima unyevu wa sweta yangu.

Nikaivaa. Nikashuka, nikaenda nyumbani.

Meneja aliuliza ni nani alikuwa zamu. Mzee angeweza kunitaja. Alisema tu ni yeye alikuwepo. Jana akapewa barua: akae nyumbani mpaka Jumatatu, kisha wataamua. Na nyumba yenyewe ni ya kiwanda. Kazi ikienda, nayo imeenda.

Mimi nikaandika ripoti kwamba kifaa hakina hitilafu, kosa ni la mhudumu. Haki ya Mungu niliandika hivyo, tena kwa mwandiko mzuri. Nakala moja nilimpa meneja. Hii nyingine ni ya mwalimu wangu, anakuja kesho kukagua.

Sasa sikia kinachonitisha. Meneja ameamini ripoti. Hajaweka mtu mwingine wa kuangalia hewa moto orofani, amesema kisanduku kinatosha. Leo mvua haijakatika, na zamu ya mchana wamepanda na makoti yaliyolowa. Najua wameyatundika wapi. Ni mimi peke yangu ninayejua maana yake.

Kutoka hapa jikoni nasikia kiwanda. Kwa kawaida hewa moto ikifungwa, mngurumo hupungua. Tangu saa sita haujapungua.

Mama ameinua kichwa, ananusa. Anauliza ni nini kinaungua. Ameangalia sufuria yake, iko sawa.

Harufu inatoka upande wa kiwanda.

Nimekata ule mstari wa ripoti. Juu yake nimeandika: sweta ilikuwa yangu. Kama ni chuo, basi, chuo kiende. Naogopa, sitajidai.

Nyumba ya Mzee Kiptonui iko njiani kwenda kiwandani. Huko juu sasa hivi mkono wake unahitajika kuliko akili yangu yote. Nitabisha.

Je, atanifungulia?