Leo Amekunywa Mwenyewe

Dada yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na wanangu. Magoti yako yanaendeleaje? Sisi huku tunapumua. Ukiniuliza hali ya mume wangu, nitakujibu kwamba anaendelea vizuri, na hapo ndipo penye shida yangu.

Tangu kiharusi kimwangushe juu ya cherehani yake, unajua alivyokuwa kama gogo. Yule mama wa mazoezi alituambia tusitamani makubwa, tuongeze kidogo tu kila siku. Tukaanza na kukunjua kidole. Kisha kitambaa, kisha kijiko. Nilimfokea, nikambembeleza, nikamtania kwamba fundi mzima anashindwa na kifungo cha shati alilolishona mwenyewe. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akajaribu tena. Majirani wakanisifu, eti hakuna mke kama mimi. Mama mkwe akaniombea dua mbele ya watu.

Dada, dua ile ilinichoma. Nilikuwa namfundisha ili nimwache.

Nimechoka hadi mifupa. Kazi ya saluni nimeiacha, mashoga wamenisahau, nanuka dawa ya kuchua hata nikitoka kuoga. Nilijiapiza kwamba siku atakayoweza kunywa mwenyewe nitafunga mizigo nije kwako, maana sikutaka afe kwa kiu ndani ya nyumba. Kila alipoongeza jambo, watu walipiga makofi, na mimi moyoni nikaona safari inakaribia.

Leo amekunywa mwenyewe, kikombe kizima, bila kumwaga. Nikalia, nikajua atadhani ni furaha. Alinitazama sana. Kisha kwa ule ulimi wake mzito akasema kesho nimfundishe kufunga mlango kwa ndani. Nikamuuliza wa nini, na mimi nipo.

"Ili ukiondoka," akasema, "usiwe na wasiwasi."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, dada. Hata wewe ndiyo kwanza unasikia.

Ninakuandikia nikiwa jikoni, na komeo la mlango naliona kutoka hapa. Ni gumu, hata mimi huliburuta kwa mikono miwili. Yeye litamchukua muda. Sijui kwa nini jambo hilo limenipa nafuu, wala sijui kesho nitamshika mkono nimpeleke pale au nitajifanya nimesahau.

Kile kitanda cha kukunja ninacholalia nikija kwako, usikitandike. Wala usikikunje.

Wabusu watoto, na umsalimie shemeji bila kumweleza haya.

Ni mimi mdogo wako,
wa kufuatana ziwa.