Kifuko cha Chumvi ya Moto

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zako zimenifikia hapa Mambrui, na sote hatujambo. Mdogo wako ameanza chuo cha Kurani, anatusomea alifu kila jioni. Magoti yangu yanauma kidogo, lakini ule mfuko wa kukandia maumivu ulionitumia nautia kwenye maji moto kila asubuhi, najikanda, na nafuu naiona.

Umeniuliza kama mifuko mnayobuni huko Nairobi iwe myeupe kama vitu vya hospitali.

Nilipokuwa msichana, mama yangu alilazwa kitandani na maumivu ya kiuno. Nilikaanga chumvi ya Gongoni, nikaitia katika kifuko cha bafta nyeupe nilichokishona kwa mkono, nikamwekea. Akakisukuma kando.

"Mwanangu, hii ni nguo ya sanda," akasema taratibu. "Mimi ningali hai."

Nilitoka uani nikalia. Kisha nikaikata leso yangu ya maua mekundu, niliyoiweka kwa ajili ya harusi yangu, nikashona kifuko kingine na mishono nikaificha ndani isimkwaruze. Safari hii alikipokea kwa mikono miwili, akayapapasa yale maua.

"Umeikata leso yako ya harusi?"

"Ndiyo, mama."

Akacheka, mara ya kwanza tangu augue, akakilalia mpaka usingizi ukamchukua. Chumvi ilikuwa ile ile.

Rangi sitakuchagulia, mwanangu. Wape wagonjwa mifuko waishike kwanza, nawe utazame nyuso zao kabla hawajasema neno.

Mungu akuhifadhi.

Bibi yako