Kabichi Ulizomtajia Bwana Shamba

Chumba cha juu, nyuma ya duka la rangi
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Bisibisi,

Salamu zetu zikukute umekula na umelala, maana najua ukikabidhiwa simu mbovu unasahau vyote viwili. Jino limetulia? Na kile kikohozi, ulikwenda zahanati, au ulikunywa tena chai ya tangawizi ukajitangazia umepona? Nijibu kwa ukweli, mimi si mteja wako.

Sisi hatujambo. Mgonjwa wetu ni usingizi tu. Mtoto mchanga anaota meno na ameamua nyumba nzima tushiriki. Mpwa wako Kijiko naye bado hatembei bila kijiko mkononi. Anachimba ukuta, anachimba godoro, juzi nimemkuta anachimba mkate aliouleta baba yake kutoka kiwandani. Nakuandikia wakati wote wawili wamelala, kwa hiyo ukiona mwandiko umeruka, ujue mmoja ameamka.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu unaitikia ndiyo dada, ndiyo dada, huku unachomelea waya. Barua huwezi kuiweka spika ukaendelea na kazi. Kaa chini.

Haya, tuje kwenye aibu yetu. Ujumbe wako niliusoma mara mbili nikidhani nimesinzia. Umekwenda kujitambulisha ukweni, umekaribishwa vizuri, umeulizwa swali jepesi: ukitoka kazini unafanya nini. Wewe ukachungulia dirishani, ukaona bustani ya watu, ukajibu kwamba nawe unayo. Kabichi, karoti na nyanya. Mtu wa chumba kimoja na kibaraza cha kuanikia shati. Na kati ya wazee wote wenye mabinti, ukamwambia hayo bwana shamba mstaafu. Sasa anakuja kuiona mwisho wa mwezi ujao, na wewe unaniuliza mboga gani inaota haraka.

Kwanza, sahau kabichi. Kabichi inataka miezi mitatu na mahali pa kujitandaza kama mama mkubwa kwenye kochi. Nyanya nayo haina haraka, kisha inataka mti wa kuegemea na mtu wa kuihangaikia. Wewe anza na mboga zisizo na maringo: mchicha, majani ya kunde, vitunguu majani, na figili, ile mizizi myekundu yenye ukali. Mbegu nimezifunga kwenye vipande vya gazeti, zimo ndani ya mfuko huu. Kila kipande nimekiandika jina, kwa hiyo usinipigie kuniuliza ipi ni ipi.

Tafuta ndoo kuukuu na makopo. Yale ya rangi yanafaa, lakini yasugue hasa. Toboa matundu chini, maji yapate pa kutokea. Hapo najua utafurahi, maana utatumia vyuma vyako. Ukimaliza kutoboa, viweke mbali. Mbegu haifunguliwi kuangalia kama inafanya kazi.

Udongo changanya na samadi, lakini iliyokwisha kuoza, isiyonuka. Samadi mbichi inaunguza miche, na pia utagombana na jirani.

Mbegu za mchicha ni ndogo kama vumbi. Zichanganye na mchanga mkavu, uzinyunyize, kisha uzifunike kidogo sana, kama unavyotia chumvi kwenye yai. Ukizifukia kirefu umezizika. Kunde na figili zichomeke kwa ncha ya kidole. Vitunguu usivitafutie hata mbegu: ukinunua vya kupikia, kata juu, kile kipande chenye mizizi kirudishe kwenye udongo.

Zitaota nyingi, zimebanana kama abiria. Hapo moyo wako laini utakusumbua. Ng'oa. Acha nafasi ya vidole viwili vitatu kati ya mche na mche, na hizo ulizong'oa kula. Wewe ndiye uliyekuwa ukilia nikichinja kuku, nakujua, lakini hili huna budi.

Kuhusu maji, nisikilize kwa makini, maana yamenikuta. Mwanzo nilipanda makopo matano kwenye kibaraza cha juu. Nikimwagilia kila asubuhi. Shemeji yako akirudi kutoka kuoka mikate anasema moyoni, maskini mke wangu amechoka, amesahau, naye anamwagilia. Kijiko akiona beseni la kumwogeshea mdogo wake anachota na kupeleka, na povu lake. Kila mmoja aliamini ni yeye pekee mwenye huruma. Mchicha wangu ulikufa maji ukiwa ghorofani.

Nililia. Usicheke, ilikuwa wiki ya meno. Kesho yake nikatoka nje nikakuta makopo yamejaa mchicha umesimama, mrefu, mbichi kabisa. Nikamwita shemeji yako. Akaja, akatazama, akasema, "Eh, udongo huu una nguvu." Akajikuna shingo.

Kufika mchana mchicha wote umelala chali. Nikavuta shina moja, likaja na wenzake wote, wamefungwa kamba chini kama walivyotoka sokoni.

"Baba Kijiko, hii ni nini?"

"Mchicha."

"Na kamba?"

"Labda ni aina mpya."

Nilicheka mpaka mtoto akaacha ziwa kunitazama. Nilimpenda siku ile, sikatai. Lakini jioni mchicha ulikuwa sufuriani, na makopo yalibaki matupu. Kwa hiyo lile wazo lako la mwisho wa ujumbe, la kununua kabichi kubwa na kuzipanga kwenye udongo saa moja kabla mgeni hajafika, lifute. Limejaribiwa na mtu mwenye mapenzi ya kweli likashindikana.

Tulipopanda mara ya pili nikaweka sheria. Anamwagilia mtu mmoja tu, naye ni Kijiko, asubuhi, kwa kikombe chake. Na kabla ya kumwagilia anatia kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu, anatia maji. Kikitoka na tope, anaondoka. Sasa tunachuma. Yeye aliyekuwa akitema kila kitu cha kijani anakula, kwa sababu anadai ni mali yake na anatugawia. Kama mtoto wa miaka minne ameweza, wewe mwenye mvi moja utaweza.

Sasa lile zito. Nimeliweka huku chini makusudi, usije ukatupa barua kabla hujajua kupanda.

Mkwe wako mtarajiwa alinipigia Ijumaa. Namba alipewa na mchumba wako, kwa kuwa wazazi wetu hawapo na mimi ndiye niliyekulea. Nilikuwa namwogesha Kijiko, kichwa kizima povu. Alinisalimu vizuri sana, akauliza hali ya watoto, kisha akasema, "Mwanangu, bustani ya mdogo wako umewahi kuiona?"

Nikasema, "Sijaiona, baba."

"Nakuuliza kwa sababu nilimuuliza kabichi zake anazihudumiaje. Akasema anazichaji asubuhi na jioni."

Bisibisi, hapo hata sabuni ilinidondoka. Mzee alijua tangu mle sebuleni. Hakuwa akiniuliza habari za kabichi. Alikuwa anapima kama inayodanganya ni familia nzima au ni wewe peke yako.

Ningeweza kukufichia. Nimekufichia mengi, tangu kaptula ya shule iliyochanika. Lakini huyu anataka kukukabidhi mtoto wake, nami wangu wa kike, Kijiko huyu, nilikuwa nimemshika mkononi. Nikasema, "Baba, mdogo wangu hana hata kabichi moja. Alizionea dirishani kwako. Alitaka umpende, ndipo akapotea njia. Kazini ni mwaminifu, simu ya mtu haibadilishwi kifaa mkononi mwake. Na mbegu nitamtumia mimi."

Hakucheka. Kijiko akapiga kelele kwamba sabuni imemwingia machoni. Mzee akasema, "Mwoshe mtoto kwanza." Nikamwosha, yeye akingoja. Niliporudi akasema, "Mwambie nitakuja kama nilivyosema. Sitaki kabichi. Nataka anionyeshe kitu kimoja alichokiotesha mwenyewe, hata kikiwa na majani mawili. Nikikuta ndoo tupu, nitakunywa maji, nitashukuru, nitaondoka. Na binti yangu nitaondoka naye moyoni, simwozi." Akaniaga kwa heshima, akakata.

Najua umekunja uso. Kunjua. Hajakukataa. Mtu aliyekwisha kukataa hangoji mtoto wa watu aoshwe macho. Lakini pia hatanii, na mimi sitampigia tena kukuombea. Panda leo, kabla hujafungua simu ya mtu yeyote. Mche wa kwanza ukitokeza, usinitumie mimi picha. Mpigie yeye, mwambie kilichoota ni nini na kimeota wapi, kisha umwombe radhi kwa mdomo wako mwenyewe. Halafu umuulize cha kufanya baadaye. Mzee aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, sidhani kama kuna kijana aliyebaki wa kumuuliza.

Shemeji yako anakusalimu, na anasema aina ile mpya usiiamini. Kijiko anamsalimu mjomba na ameweka kijiko kimoja cha plastiki ndani ya mfuko, cha kuchimbia, anataka kirudi. Mtoto mchanga naye angekusalimu, ila ndiyo kwanza anaamka na hana habari njema. Msalimie sana mchumba wako. Mwambie wifi yake anamngoja.

Mungu akupe mkono wa kuotesha na ulimi wa kujibu ulichoulizwa tu.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye hatakudanganyia.