Kamba Aliyoiangalia Maduhu

S.L.P. 27,
Masumbwe, Mbogwe.
9 Juni 2025

Mpendwa binti yangu Hosiana,

Marahaba, mwanangu. Naitika mapema kwa sababu najua ukiifungua barua hii utaniamkia hukohuko Uholanzi uliko. Hujambo? Baridi imepungua? Na kile kifua chako? Sisi tunaamka na kula. Blessing anakusalimu. Yeye ndiye atakayeipiga picha barua hii aitume kwenye simu yako, maana posta ingechelewa na shangazi yako ana haraka.

Tangu tumzike Baba Blessing ni wiki ya saba. Bado namwekea mboga yake pembeni. Hilo nitalizoea polepole. Linalonitia hofu ni mdogo wake, Maduhu.

Jumamosi hii ukoo unakaa kumaliza matanga, na mzee Kamili, kaka yao mkubwa, amesema siku hiyohiyo Maduhu ajibu mbele ya wote. Wakimwona ana hatia watamtenga: asilime nasi, asizikwe nasi, watoto wasimwamkie.

Ulisikia kwamba kamba ilikatika wakati Baba Blessing anavutwa kutoka duarani, kule chini ya shimo la dhahabu. Hukusikia kwamba tangu asubuhi Maduhu alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye kamba ile. Duara lilikuwa la makundi mawili, na viroba vya mawe vilipanda vikiwa na vitambaa, vyekundu vya kwetu, vya bluu vya wenzetu. Kazi yake ilikuwa kutazama vitambaa ili viroba visichanganywe, maana wiki iliyotangulia watu walishapigana kwa ajili hiyo. Kamba ilikuwa inafumuka nyuzi mbele ya macho yake.

Walimhoji palepale, akajibu kwa Kisukuma. Alitumia neno la kulola, yaani kuangalia. Karani wa duara akaandika kwa Kiswahili: "Niliiona kamba." Kuona kwetu ni kubona, si kulola. Sasa karatasi ile inasomwa kwamba aliiona ikifumuka akanyamaza. Nilipomweleza mzee Kamili, alinijibu, "Shemeji, mtu mwenye macho mazima ana maneno mawili ya nini? Kama aliangalia, aliona."

Ndipo nikaikumbuka kazi yako. Krismasi ile ulipokuja ulituonyesha filamu, ukasema tuwafuate akina mama wenye ndoo nyeupe tu, tuseme kila mmoja anaingia mlango upi. Sote tukakaza macho. Mwisho ukauliza, "Na yule ng'ombe je?" Baba Blessing akaruka, "Ng'ombe gani? Umembandika sasa hivi!" Baba yako akamcheka mpaka akakohoa: "Msukuma mzima, ng'ombe apite mbele ya pua yako usimwone! Kwani mahari ulilipa kuku?" Ukairudia, na ng'ombe alikuwepo, mweupe, na nundu yake, anakatiza taratibu katikati ya akina mama. Hata mimi sikuwa nimemwona. Ukatuambia huko mna mashine inayofuata mboni ya jicho, na kwamba wapo watu ambao mboni zao zilitua juu ya ng'ombe yule kabisa na bado hawakumwona.

Niandikie hilo, mwanangu. Nusu ukurasa, kwa Kiswahili cha kawaida, lisomwe kikaoni. Usiweke maneno ya kitaalamu. Mzee Kamili akisikia neno asilolijua atasema tumemtafuta mtu wa kututetea. Andika pia kwamba wapo wanaomwona ng'ombe. Sitaki tushinde kwa uongo. Na kama unajua kwamba kamba si kama ng'ombe, kwamba mtu aliyesimama karibu hivyo lazima aone, niambie mimi peke yangu kwanza. Kuna siku namtazama Maduhu akinywa uji, nami namshuku.

Amekonda. Akienda kisimani huishika kamba ya ndoo na kuikagua shubiri kwa shubiri, mpaka akina mama wanamwachia kisima na kuondoka. Wakimtenga naogopa hataenda kokote. Naogopa atakachojifanyia.

Jibu lako lisipofika, nitasimama mwenyewe, ingawa mjane hatarajiwi kusema kabla matanga hayajaisha. Nitawaeleza asubuhi ile. Baba Blessing alisimama mlangoni akitafuna michembe, vile viazi vikavu, akaniaga. Niliinua uso nikamwangalia, nikamjibu, nikarudi kuchambua mchele wangu. Wakati tunarudi kutoka makaburini Blessing aliniuliza kama nilimpaka baba yake dawa, maana asubuhi ile jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba kwa kuumwa na nyuki. Uso wa mume wangu wa miaka ishirini na mitatu, mwanangu, nami sikuona. Kama ni kumtenga Maduhu, basi watutenge wote wawili.

Ukiwapigia baba yako na mama yako Juliana kule Ngokolo, wasalimie, ila habari ya kisima usiwaambie. Msalimie pia mumeo. Mungu akufunike kwa mkono wake, na kazi yako aifanye msaada kwa watu.

Ni mimi nikupendaye,
Shangazi yako Paskazia, Mama Blessing