Kiti Kimoja kwa Mapacha

Xiaobei, Guangzhou

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Bi Mdogo alinieleza kwenye simu kwamba siku hizi waswali umekaa kitini, na tangu hapo sina raha. Dawa ya kuchua nimeinunua, atakuja nayo mkweo Swaleh. Huku sote wazima wa mwili, alhamdulillahi. Ya moyo ndiyo yaliyonikalisha niandike, maana nikikupigia nitalia tu na hutasikia neno. Barua hii anakuletea mfanyabiashara mwenzetu wa Mombasa anayetangulia.

Wajua mwaka huu wajukuu zako mapacha, Zuhura na Maimuna, walifikia umri wa darasa la kwanza. Shule ya serikali iliyo karibu nasi ni ndogo, iko nyuma ya soko la mboga. Watoto wa wageni huwachukua wachache, na waombaji wakizidi viti hupigwa kura. Shule nzuri za binafsi ziko ng'ambo ya mto, na ada yake ni ya watoto wa wakubwa wa makampuni. Basi tukaingia kwenye kura.

Tuliingizwa ukumbini, wazazi tumekalia viti vya watoto, magoti yanakaribia kidevu. Mwalimu mkuu, mama mpole wa makamo, akabonyeza kompyuta, nambari zikaanza kupita ukutani. Ya Zuhura ikatoka. Nikamshika Swaleh mkono, nikangoja ya Maimuna. Ukuta ukazimwa.

Nilimfuata mwalimu mkuu hadi mlangoni. Kichina changu ni cha kupigania bei, lakini nilijikaza. "Laoshi," nikamwita, yaani mwalimu, "hawa ni mapacha. Tumbo moja."

Alinitazama kwa huruma kabisa. "Kila mtoto na nambari yake," akasema. "Nafasi meiyou."

Meiyou ni hamna. Nimelisikia neno hilo madukani kila siku tangu nije, lakini siku ile lilinikata.

Nyumbani nikamwambia Swaleh, "Waende wote wawili, au asiende yeyote."

Alikuwa anavua viatu, hakuinua kichwa. "Zuhura ameshapata, Mwanaisha. Utamnyang'anya mtoto riziki yake kwa kuwa mwenzake hakuandikiwa?"

Nikaokota viatu vyake nikavipanga mlangoni. Swali hilo, Mama, ninalo mpaka leo.

Kwa Maimuna tukatafuta shule ya binafsi tunayoiweza. Tuliipata, ghorofa ya tano ya jengo moja, yafundisha kwa Kiingereza. Jirani yetu Mama Grâce, Mkongomani wa Lubumbashi, alinionya. "Dada, ile école haina hata kiwanja. Watoto wanacheza kwenye ngazi. Mimi nilimutoa wangu." Nilimsikia, lakini ningempeleka wapi?

Muhula wa pili ulikuwa umeanza tu. Asubuhi moja nilimfikisha Maimuna, tukakuta wanaume wanateremsha madawati. Shule imefungwa, wanasema haikuwa na ruhusa. Mwenye shule hapatikani kwa simu. Maimuna akamwona mmoja amebeba kiti chake, kile alichokibandikia picha ya paka, akamkimbilia. "Hicho changu!" Yule mtu akacheka tu, hakumwelewa, akakitupa juu ya gari.

Nilirudi kwa mwalimu mkuu wa Zuhura. Jibu likawa lile lile.

Tangu hapo Maimuna anashinda nami ofisini kwetu, jengo la Tianxiu, juu ya katoni za mizigo ya watu, anachora. Wateja humpa peremende. Alasiri twaenda pamoja kumchukua Zuhura, ambaye Kichina sasa anakimwaga kama maji. Juzi alitoka langoni na wasichana wawili wa darasa lake. Mmoja akamtazama Maimuna, akamtazama Zuhura, akauliza kwa Kichina, "Huyu nani?" Uso ni ule ule, Mama, hata pengo la jino.

Zuhura akasema, "Simjui." Akatangulia mbele.

Maimuna akanivuta buibui. "Mama, amesema nini?"

"Amesema wewe ni pacha wake."

Akatabasamu. Mimi nilitembea mpaka nyumbani bila kuiona njia. Zuhura sikumpiga wala sikumkemea. Mtoto yule hutazamwa tangu anapoingia darasani mpaka anapotoka, na nadhani siku ile alichoka, akataka asionekane mara mbili.

Kwa hivyo tumeamua. Swaleh anamleta Maimuna kwako, asome huko na watoto wa kaka Omari. Tiketi imeshakatwa. Nilitaka nirudi nao wote wawili, Swaleh akaniuliza tena lile swali lake la riziki, nikanyamaza. Pengine nilinyamaza upesi mno.

Asilale peke yake. Amezoea mguu wa mwenzake uwe juu yake, bila huo husota mpaka akaanguka chini. Mlaze na binti wa Omari. Samaki mwenye miiba mingi hali, usimlazimishe. Na mkikosea mkamwita Zuhura ataitika, ndivyo walivyozoea wote wawili. Tafadhali msimkosee.

Nilipomwambia hakulia. Aliyelia ni Zuhura, akaingia chini ya kitanda akakataa kutoka. Maimuna akaniuliza, "Kwa bibi nako wanapiga kura kwanza?"

Nikamwambia hapana, kwa bibi hakuna kura. Aliniangalia kama anavyowaangalia wale wateja wanaomwahidi zawadi. Basi akishuka pale uwanja wa ndege, Mama, kabla hujamuuliza safari wala njaa, mwambie wewe kwa kinywa chako.

Nisalimie kaka Omari na mkewe, ambao nawaongezea mzigo bila kuwauliza, Bi Mdogo anayekukanda goti, na shangazi wa Kisauni, khanga zake nimezipata. Niombee dua, na mwombee Zuhura, atakayebaki na kitanda kizima.

Mwanao,
Mwanaisha